Mwenda Jean Bosco, Mcharaza Gitaa wa Vidole Viwili



Jumapili mchana, baada ya Misa ya pili, vijana sita au saba wa kwaya yetu hupanda hadi Irente na magitaa mawili. Hukaa pembeni kidogo ya mwamba ule ambao wageni huja kupiga picha, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla na chini kabisa unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge, kisha nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Upepo wa pale huichezea sauti ya gitaa, lakini hakuna jirani wa kulalamika. Mwaka huu walipata kitabu cha mazoezi kilichochapishwa Ulaya, na kurasa za mwanzo tu ziliwakwamisha. Juu ya kila noti palikuwa na herufi ndogo: p, i, m, a. Mmoja alidhani ni majina ya sauti. Mwingine, ambaye ana kaka seminarini, alidhani ni kifupi cha maneno ya Kilatini, na hakukosea kwa mbali.

Ni Kihispania. P ni pulgar, kidole gumba. I ni índice, kidole cha shahada. M ni medio, kidole cha kati. A ni anular, kidole cha pete, kwa kuwa pete kwa Kihispania ni anillo. Kidole cha mwisho huitwa meñique, nacho hakina herufi moja inayokubaliwa na wote, maana katika mkono wa kulia hakipewi kazi nyingi. Popote duniani mtu anapojifunza gitaa kwa noti, awe Japani au Brazili, vidole vyake huitwa kwa majina hayo, kwa sababu ni Wahispania waliolilea gitaa mpaka likawa kama tunavyolijua.

Nilipokuwa nikiwaeleza hayo nilimkumbuka mtu aliyepiga kwa herufi mbili tu, p na i, akasikika kama watu wawili. Niliwauliza vijana kama wanamjua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina lake, ingawa aliimba kwa Kiswahili na ingawa babu zao walicheza santuri zake. Ndiyo sababu naandika habari zake hapa.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Bunkeya si kijiji cha hivi hivi. Katika karne ya 19 kilikuwa makao ya Mwami Msiri, aliyetoka upande wetu, nchi za Wanyamwezi na Wasumbwa magharibi mwa Tanzania ya leo. Msiri alifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu, akajijengea ufalme huko huko. Watu wake wakaitwa Wayeke, au kwa lugha za kwao Bayeke. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, na nchi ikachukuliwa. Mwenda ni jina la ukoo huo wa watawala, na kijana wetu alilibeba. Kwa hiyo Mtanzania akimsikiliza asidhani anamsikiliza mgeni kabisa.

Jina lake la pili lilikuwa Jean Bosco. Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kuelezwa Don Bosco ni nani. Papa Pius wa Kumi na Moja alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1929, mwaka mmoja tu kabla ya Mwenda kuzaliwa, na Mtakatifu mwaka 1934. Wasalesiani walikuwa wamefika Katanga tangu 1911 na kufungua shule Elisabethville, kwa hiyo jina hilo lilikuwa hewani. Inafaa pia kukumbuka kwamba Don Bosco mwenyewe, akiwa mtoto, alikusanya watu kwa mazingaombwe na kutembea juu ya kamba kabla ya kuwafundisha sala, na kwamba baadaye muziki ulikuwa na nafasi kubwa kati ya vijana wake wa Torino. Jina hilo halikumkaa vibaya mpiga gitaa.

Alikulia Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imekusanya huko wafanyakazi kutoka kila upande: Waluba, Walunda, Wabemba, watu wa Rhodesia, watu wa Angola. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga ambacho Mtanzania akikisikia mara ya kwanza hutabasamu, mara ya pili huelewa. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na kwa njia ya biashara hiyo bidhaa za viwandani ziliingia hadi kwenye kambi za wafanyakazi. Gitaa lilikuwa mojawapo. Lilikuwa jepesi kubeba, na tena mtu mmoja aliweza kulipiga peke yake na kujaza uwanja mzima.

Kihispania nacho kiliingia, lakini kwa mlango mwingine. Tangu mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Uingereza ilikuwa ikituma Afrika santuri zenye alama ya GV, nyingi zikiwa za Cuba: rumba, bolero, son. Vijana wa Kongo, wa Nairobi, wa Morogoro na wa Tanga waliziimba neno kwa neno bila kujua maana ya hata moja, na wengine wakatunga Kihispania chao wenyewe, ambacho Mhispania angekisikia angeshangaa. Huko Morogoro bendi ziliitwa La Paloma na Cuban Marimba. Sisi huku tumebaki na maneno ya kucheza, yaani rumba, bolero na chacha. Maneno ya kupiga hayakufika. Hakuna aliyekuja kuwaeleza vijana wa Jadotville kwamba mkono wa kulia una rasgueado na una punteado.

Maneno hayo mawili yanastahili kukaa nayo kidogo. Rasgueado ni kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja, kwa kucha au kwa vidole vinavyofunguka kama kipepeo, jinsi wengi wa wapigaji wetu wa kwaya wanavyofanya kuanzia mwanzo wa Utukufu hadi Amina. Punteado ni kudonoa uzi mmoja mmoja, kila noti ikipewa kidole chake. Aliyeziweka njia hizo mbili vizuri kabisa katika kitabu ni mtu wa kundi letu. Gaspar Sanz, padre kutoka Calanda huko Aragón, alisoma teolojia Salamanca, akasafiri Italia kujifunza muziki, kisha mwaka 1674 akachapisha Zaragoza mafundisho yake ya gitaa la Kihispania. Wakati huo gitaa lilikuwa na jozi tano za nyuzi na wasomi wengi walilidharau, wakiliona chombo cha vinyozi na wahuni. Sanz hakubishana nao sana. Alisema tu, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba gitaa halina ukamilifu wala upungufu wake lenyewe, bali vyote viwili viko mikononi mwa anayelipiga. Kisha akaendelea kueleza nyuzi zipi zifungwe. Kwa kukwaruza alishauri nyuzi nene za besi, na kwa kudonoa kwa ustadi alipendelea namna ya Roma isiyo na nyuzi hizo. Uzi wa besi kwa Kihispania huitwa bordón, na neno hilo hilo ndilo fimbo ya mhujaji, ile ambayo mwenda Santiago huiegemea njia nzima.

Mwenda hakusoma kitabu cha Sanz. Lakini bordón yake ilifanya kazi ya fimbo kwelikweli: gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kuchoka, hatua kwa hatua, huku kidole cha shahada kikirukaruka juu kwenye nyuzi nyembamba na kuchora wimbo. P na i, basi. Wataalamu waliochunguza wapigaji wa Kongo na nchi jirani wameona mara nyingi kwamba vidole vyao vilishajua kazi hiyo kabla ya gitaa kuja, kutoka kwenye likembe, chombo kile cha vipande vya chuma ambacho ndugu zetu Wagogo hukiita ilimba, ambapo gumba la kulia na la kushoto hugawana wimbo. Mimi si mtaalamu, ila nimewahi kumwona mzee wa Kigogo akipiga ilimba kwenye stendi ya basi Dodoma, na tangu siku hiyo sijapata shida kuamini.

Mwaka 1952, Mwenda akiwa na miaka 22, alifika Jadotville Mwingereza aliyeitwa Hugh Tracey, ambaye alizunguka Afrika ya kati, mashariki na kusini na mashine za kurekodi, akikusanya muziki wa watu. Alimrekodi kijana huyo. Wimbo mmoja kati ya hiyo uliitwa Masanga, na santuri yake ilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg chini ya alama ya Gallotone. Ukapewa tuzo ya Osborn kwa muziki bora wa Afrika wa mwaka huo, na Masanga ukasambaa. Ndani ya miaka michache wapigaji wa Rhodesia, Nyasaland, Tanganyika, Kenya na Uganda walikuwa wakijaribu kuuiga, wengine wakiufikia na wengi wakiishia katikati.

Nikatize kidogo kuhusu neno Gallotone. Kampuni hiyo hiyo iliuza pia magitaa ya bei nafuu. Wazee wetu bado huliita gitaa kavu, lile lisilo la umeme, galatoni, na vijana huwacheka wakidhani ni neno la kizee lisilo na asili. Asili yake ni hiyo. Gitaa la kwanza la John Lennon wa Liverpool, yule wa Beatles, lilikuwa galatoni pia.

Mwenda aliendelea kurekodi miaka yote ya 1950. Baadhi ya nyimbo zake ni Bombalaka na Tajiri na Mali Yake. Aliimba mambo ya mjini: fedha, wanawake, wenye mali, safari, pombe. Sitamfanya mtakatifu. Mwenye kutafuta nyimbo za kuwekwa kwenye Misa hatazikuta humo, na baba paroko akizisikia zikitoka sakristia ana haki ya kuuliza. Lakini mwenye masikio asisimame kwenye maneno tu. David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu huko London, alikaa na santuri hizo na kuziandika kwa noti, uzi kwa uzi, akachapisha uchunguzi wake mwaka 1961 na 1962. Alichokionyesha ni kwamba kijana huyu hakurudia kitu kile kile. Kila mzunguko wa wimbo una badiliko dogo, hapa noti imechelewa, hapa besi imebadili mahali pa kuanzia, na bado msikilizaji hapotei. Mpigaji wa kawaida hujifunza wimbo. Mwenda alijifunza jinsi wimbo unavyozaliwa, kisha akauzaa upya kila alipokaa.

Mwaka 1959 alialikwa Nairobi pamoja na Edouard Masengo, mpiga gitaa mwenzake kutoka Katanga. Walikuja kutangaza vidonge vya Aspro, dawa ya kichwa! Kwa miezi kadhaa Mwenda alikuwa na kipindi cha redio, na huko Kenya gitaa la vidole lilichukua sura mpya, likisindikizwa na chupa ya soda inayokwaruzwa au kugongwa kwa kijiti. Wazee waliokuwa vijana wakati ule husimulia jinsi walivyokaa karibu na redio mkono ukiwa umeshika gitaa, wakisubiri wimbo upigwe ili waudake, na ukipita umepita, hakuna wa kuurudisha hadi wiki ijayo. Vijana wangu wa Irente, ambao hurudisha video nyuma mara ishirini kwa kidole kimoja, walicheka nilipowaambia. Kisha mmoja akauliza waliwezaje. Sikuwa na jibu zuri.

Pamoja na sifa zote hizo, Mwenda hakuishi kwa gitaa peke yake. Aliajiriwa benki, aliajiriwa kwenye kampuni ya migodi, alisimamia bendi, na baadaye alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Kati ya hayo alipanda jukwaa mbali na nyumbani. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1982 alipiga Ulaya, na wapo watafiti waliomchukua filamu akipiga, kwa hiyo leo mtu anaweza kuiona mikono yake: mtu mzima aliyevaa nadhifu, uso umetulia kama wa karani anayehesabu fedha, na vidole viwili vinafanya yote.

Linalonigusa zaidi katika maisha yake ni habari ya majina. Mwaka 1966 Elisabethville iliitwa Lubumbashi na Jadotville ikaitwa Likasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kongo ikaitwa Zaire, na Katanga ikaitwa Shaba, neno letu la Kiswahili kabisa. Hayo ya miji na nchi watu wengi waliyapokea kwa furaha, na walikuwa na sababu. Kisha mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru kila raia aache jina la Kikristo na achukue la asili. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mbele kabisa kutaka Kanisa la Kongo lisali kwa sauti ya Kiafrika, alipinga, na ilimbidi kuondoka nchini na kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Jean Bosco alilazimika kufutika kwenye karatasi. Tangu hapo mpiga gitaa wetu akaitwa Mwenda wa Bayeke.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Jina la ukoo alilorudishwa lilikuwa jina tukufu, la watu waliotembea kwa miguu kutoka Unyamwezi hadi Bunkeya. Lakini jina la ubatizo halikuwa la Mbelgiji wala la rais, kiasi kwamba mtu mwingine aje kulichukua. Wasikilizaji walitatua suala hilo bila kuuliza mtu. Nairobi, Lubumbashi, Dar es Salaam, kila aliyemkumbuka aliendelea kumwita Bosco.

Tukirudi kwenye gitaa kanisani, bado wapo wazee parokiani, nao nawaheshimu, wanaosema gitaa ni la baa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya Desemba 1963, uliipa kinanda cha filimbi heshima ya kwanza, ukaruhusu vyombo vingine kadiri vinavyofaa au vinavyoweza kufanywa vifae kwa matumizi matakatifu. Neno la kutazama hapo ni kufanywa vifae. Huko Kamina, katika Katanga hiyo hiyo ya Mwenda, Padre Guido Haazen, Mfransisko, alishaanza kufanya hivyo na ngoma na sauti za vijana kwa ile Missa Luba iliyorekodiwa mwaka 1958. Kwa maoni yangu, shida ya kwaya zetu nyingi si kwamba gitaa limetoka baa. Shida ni kwamba tunalikwaruza tu. Tuna rasgueado, punteado hatuna, na uzi wa besi, ile fimbo ya mhujaji, unagongwa kama mlango wa jirani.

Mwenda alirekodi tena Cape Town mwaka 1988, akiwa karibu na miaka 60. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Jumapili iliyopita tulijaribu. Niliwafunga vijana vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa kitambaa cha kitenge, vikabaki gumba na shahada. Kwa nusu saa ilikuwa vurugu tupu, gumba likisahau kazi yake kila shahada inapoanza kuimba. Waliweka kapo shingoni mwa gitaa, ile ambayo Wahispania huiita cejilla, nyusi ndogo, ili nyuzi zikae juu zaidi. Ilipokaribia saa kumi na moja, ukungu ukiwa umeanza kupanda kutoka bondeni, binti mmoja wa sauti ya pili, ambaye huwa hasemi sana, alipata hatua nne za gumba bila kukosea na shahada ikapita juu yake salama. Alirudia mara ya pili, na mara ya tatu akabadilisha noti moja kwa makusudi. Kwenye kitabu chake, pembeni ya herufi p, ameandika kwa penseli gumba, na pembeni ya i ameandika shahada. M na a ameziacha wazi kwanza.